Kijana Asiye na Makao: Kiti Chake Shuleni Kipo

Sisi ni wahudumu wa afya wa kujitolea hapa Nakivale. Katika jarida hili tumezoea kukuandikia juu ya malaria, vyoo, chanjo na maji ya kunywa. Safari hii tunakuletea jambo ambalo dawa yake haipo katika stoo ya kituo cha afya, ingawa wanaoumia kwalo tunawaona kila juma. Ni habari ya vijana ambao hawana pa kulala, na kwa sababu hiyo wameacha shule.

Unawafahamu, hata kama hujawahi kuwahesabu. Ni yule mvulana anayefagia kibanda cha video asubuhi, na usiku analala humo humo juu ya mabenchi. Ni yule msichana anayeosha sahani kwenye hoteli ya sokoni, ambaye ukimuuliza nyumbani kwao ni wapi anakuonyesha kwa mkono upande wa New Congo, bila kutaja nyumba. Ni wale wanaobeba jerikani za watu bombani, wanaofinyanga matofali, wanaochunga ng'ombe wa wenyeji huko nje ya vijiji vyetu, na wanaolala karibu na mitumbwi kule ziwani. Wengine walikwenda hadi Mbarara au Kampala, mji ukawashinda, wakarudi. Wamerudi kambini lakini hawakurudi nyumbani.

Watu wengi huwaita watoro, au watoto wa mtaani, na neno hilo likishasemwa mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tunakuomba uulize kwanza ametoroka nini. Katika kazi yetu ya kupita nyumba kwa nyumba tumesikia sababu nyingi. Wako waliopigwa na baba wa kambo au mama wa kambo. Wako wasichana waliokuwa wanaandaliwa ndoa wakiwa na miaka 14 au 15. Wako waliovuka mpaka kutoka Kongo bila mzazi, wakapokelewa na jirani wa kule nyumbani, kisha yule jirani akahamia kwingine na hakuwachukua. Na wako ambao hakuna aliyewafukuza kwa maneno. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, na hasa baada ya mwaka 2025 ambapo karibu watu milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada huo, nyumba nyingi zimekuwa na chungu kidogo na midomo ile ile. Mtoto mkubwa anaangaliwa kila siku wakati wa kula. Siku moja anaelewa, anaondoka mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2025, mwezi wa Januari, Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Nyumba zilizokuwa zimeshauza magodoro na sufuria zikingoja safari zilibaki hivyo hivyo, na ugomvi uliozaliwa humo umewatoa nje baadhi ya vijana. Hatusemi hivi ili kumlaumu mzazi. Mzazi mwenye njaa si mzazi mbaya. Tunasema ili ujue kwamba kijana unayemwona kwenye kibaraza chako usiku huenda hakufanya kosa lolote.

Sasa tuje kwenye shule. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Huyu hana mzazi, hana karatasi, hawezi kuandikishwa." Wapo wanaolisema kwa nia njema kabisa, na vijana wenyewe wanaliamini. Sivyo sheria inavyosema. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unasema mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema vivyo hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya mtoto anayelala kitandani peke yake. Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Hata huko Marekani, ambako wengi wetu tuna ndugu, ipo sheria iliyoanza mwaka 1987 kwa ajili ya watu wasio na makao, na leo inaitaka shule impokee mara moja mtoto asiye na makao, hata kama hana karatasi za shule ya zamani. Karatasi zinatafutwa yeye akiwa ameshakaa darasani. Utaratibu wa hapa Uganda ni wake, lakini wazo ni hilo hilo, na ndilo tunalotaka ulishike: kiti kwanza, karatasi baadaye.

Kwa nini basi kijana anafika shuleni na kurudishwa? Kwa kweli shule ina sababu zake. Mwalimu mkuu ana darasa lenye watoto wengi kuliko mabenchi. Anahitaji mtu mzima atakayeitwa mtoto akiugua, na anahitaji hati ya familia, ile karatasi yenye majina na picha za watu wote wa nyumba, ili ajue jina la kweli na umri. Kijana aliyetoroka ameiacha hati hiyo mikononi mwa mtu aliyemkimbia. Kumwambia "nenda ukailete" ni kumrudisha kwenye fimbo.

Tunalo tukio la msichana mmoja wa miaka 15. Hatutaji kijiji chake wala shule yake. Alikuja kituoni na malaria mara tatu katika miezi miwili. Mara ya tatu muuguzi hakuandika dawa tu, alimuuliza: "Mwanangu, unalala wapi? Neti yako iko wapi?" Akanyamaza, kisha akasema analala nyuma ya hoteli anakoosha sahani, juu ya magunia. Alikuwa ameondoka kwa baba yake mdogo kwa sababu mahari yake ilikuwa imeanza kuzungumzwa na mtu ambaye yeye hakumtaka. Alikuwa P.6.

Muuguzi alimwita mmoja wetu, na sisi tukampeleka kwa afisa wa ulinzi wa mtoto. Msichana aliogopa njia nzima kwamba tunamrudisha kwa baba mdogo. Afisa alizungumza naye peke yake, bila sisi, bila mwenyekiti, bila ndugu. Hilo ni muhimu, tafadhali ukimsindikiza mtoto usidai kukaa ndani kusikiliza. Baada ya siku kadhaa alipatiwa mama mlezi katika kijiji kingine. Kisha ikaja shule. Mara ya kwanza shule ilimkataa: hana hati, mwaka umeshaanza. Mama mlezi akarudi na barua kutoka ofisi ya ulinzi wa mtoto inayosema mtoto huyu yuko chini ya nani na kwamba karatasi zake zinashughulikiwa. Kwa barua ile alipokelewa. Leo yuko darasani. Kiingereza bado kinamsumbua, na Jumamosi bado anaosha sahani ili apate pesa ya madaftari. Mama mlezi anasema afadhali hivyo, kwa kuwa jioni anarudi na wanakula pamoja.

Na wewe ukikutana na kijana wa namna hiyo, usianze na mahojiano. Anza na chakula kama unacho, au maji, au nafasi ya kukaa. Muulize jina lake na kama kuna sehemu ya mwili inayomuuma. Habari ya nyumbani itakuja yenyewe, labda siku ya pili. Usimpige picha na kuirusha kwenye simu za watu ukiuliza "mwana wa nani huyu?", maana anayemtafuta huenda ndiye aliyemuumiza. Usimpeleke kwao kwa nguvu usiku. Baadaye mfikishe kwa afisa wa ulinzi wa mtoto, au kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye atampeleka huko, au mlete kwetu. Ukiona ana hatari ya usiku huo huo, polisi wana kitengo cha familia na watoto. Ipo pia simu ya watoto ya Uganda, namba 116, inayoitwa Sauti, na kuipiga hakutozwi pesa. Kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Neno moja juu ya pesa. Kuandikishwa kwa mtoto aliye peke yake, barua ya afisa, kupangiwa mlezi, kutenganisha jina lake na hati ya familia aliyoikimbia: hakuna hata kimoja kinacholipiwa. Mambo haya yanachukua muda, hasa hilo la hati kwa sababu Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR lazima wahakikishe, lakini muda si bei. Akitokea mtu anayekuambia atakuharakishia kwa kitu kidogo, mripoti.

Liko tatizo jingine linalowatoa vijana shuleni hata baada ya kupata pa kulala. Hapa masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyefika darasa la sita kule Kongo kwa Kifaransa, mara nyingi anawekwa P.3. Fikiri kijana wa miaka 15, ambaye ameshajitegemea mwaka mzima mitaani, akae kwenye benchi moja na watoto wa miaka minane wanaomcheka matamshi. Tunamjua mvulana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe, mwerevu wa hesabu, ambaye alikubali kurudi, akakaa P.3 majuma matatu, kisha akaacha. Tulimfuata mara mbili. Alituambia, kwa heshima, kwamba ng'ombe hawamcheki. Bado anachunga.

Kwa vijana kama yeye iliwekwa programu ya masomo ya haraka. Ni kwa wenye miaka 10 hadi 18 walioacha shule au ambao hawakuwahi kuianza. Ile miaka saba ya shule ya msingi ya Uganda inafupishwa kuwa miaka mitatu: ngazi ya kwanza ni P.1 hadi P.3, ya pili ni P.4 na P.5, ya tatu ni P.6 na P.7. Mwisho wake kijana anafanya mtihani ule ule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, PLE, na cheti chake hakina tofauti na cha mwingine. Tena anasoma na wenzake wa umri wake. Madarasa haya hayako katika kila shule, na nafasi hutegemea wafadhili, kwa hiyo uliza ofisi ya elimu ni shule gani ya karibu, ama upande wa Base Camp, ama Juru, ama Rubondo. Yule mchunga ng'ombe angepelekwa huko tangu mwanzo, pengine tungekuwa tunaandika habari nyingine. Kwa hiyo usiseme tu "nataka kumwandikisha." Sema umri wake, sema alisoma hadi wapi na kwa lugha gani, na uulize habari ya masomo ya haraka kabla hajapewa darasa.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu na kwa kawaida huanza Februari. PLE hufanywa kuelekea mwisho wa mwaka, lakini majina ya watahiniwa hupelekwa UNEB, ambalo ni baraza la mitihani, miezi mingi kabla. Kijana wa P.7 aliyetoroka mwezi wa tatu akarudi mwezi wa nane anaweza kukuta jina lake halimo, na ni mwaka mzima umepotea. Kama unamjua kijana wa P.7 aliye nje sasa, yeye ndiye wa kuharakishwa kuliko wote. Hata kama bado hajapata mlezi, nenda umwambie mwalimu mkuu kwamba mtoto yupo na anataka kufanya mtihani.

Kwa wasichana waliopata mimba au walio na watoto wachanga tunaandika pole pole, kwa sababu hapa ndipo uongo ni mwingi. Msichana hafukuzwi shule moja kwa moja kwa sababu ya mimba. Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa mwongozo mwaka 2020: msichana anapewa likizo mimba ikifika miezi mitatu, na anaruhusiwa kurudi mtoto wake akifikisha miezi sita. Shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa sababu ya korona, wasichana wajawazito na wanaonyonyesha waliruhusiwa kurudi darasani pamoja na wenzao. Miezi ile anayokuwa nyumbani ndiyo ya hatari. Wengi wanafukuzwa na familia katika miezi hiyo hiyo, na wanaofukuzwa hawaji kliniki ya wajawazito. Mzazi, hata kama umekasirika, na una haki ya kukasirika, mwache alale ndani.

Na kama kuna mtu anayesema suluhisho ni kumwoza haraka, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaweka ndoa kuanzia miaka 18. Sheria hiyo inatuhusu na sisi wakimbizi.

Sasa kidogo juu ya afya, maana ndiyo kazi yetu. Kijana anayelala nje anaugua mambo yanayomtoa darasani hata kama ameandikishwa: malaria kwa kukosa neti, upele na funza, vidonda vya miguu, kuhara, na usingizi mchana kwa sababu usiku hakulala. Walimu wanaosoma jarida hili, mwanafunzi anayesinzia kila siku msimchape. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya watoto ya Uganda tangu mabadiliko ya mwaka 2016, na kwa huyu vitakuwa sababu ya pili ya kutoroka. Mtumeni kwetu. Msichana anayekosa siku nne kila mwezi, mwalimu wa kike anayesimamia mambo ya wasichana amuulize kwa siri kama anazo pedi.

Kijana anaweza kuja kituo cha afya peke yake. Hatuulizi kwanza mzazi yuko wapi. Na hili tunaomba lifike kwa kila kijana, msichana na mvulana: ukibakwa au ukilazimishwa, njoo kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, ili upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba inatolewa hadi siku tano, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi. Usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla ya kuonwa, kama unaweza. Lakini kama umeshaoga, au siku zimeshapita, njoo vile vile, yapo mengine ya kukusaidia.

Baadhi yenu mnajiuliza kama mnaweza kuwa walezi. Tunaulizwa hivi: "Nikimchukua, hawatasema nimemwiba? Nitamlisha nini?" Maswali haya ni ya haki. La kwanza lina jibu rahisi: usimfiche. Ukimpokea usiku, asubuhi mwenyekiti na afisa wa ulinzi wa mtoto wajue, na hakuna atakayesema umeiba. Watakutembelea, wataangalia nyumba, na watamsikiliza mtoto mwenyewe kama anataka kukaa kwako. La pili ni gumu. Jina lake likihamishwa kwenye hati yako, anahesabiwa pamoja na nyumba yako katika misaada, lakini misaada yenyewe unaijua ilivyo siku hizi. Hatuwezi kukuahidi. Walezi wengi tunaowajua ni wajane na mama wenye bustani ndogo, siyo wenye duka. Jambo moja tu tunalisisitiza: mlezi si tajiri wa kazi. Msichana anayepokelewa ili alee watoto wako na kuchota maji saa za shule hajapata nyumba, amebadilisha tu mahali pa kuteseka. Afisa akiona hivyo atamtoa, na atakuwa na haki.

Na wewe kijana unayesoma karatasi hii, labda umeiokota imefungia karanga au umeisoma kwenye ukuta wa kituo. Huna haja ya kueleza kila kitu kwa kila mtu. Tafuta mtu mzima mmoja tu: muuguzi, mwalimu, mwenyekiti, mmoja wetu. Kama una bulletini ya shule ya Kongo, hata iliyochanika, itunze kwenye mfuko wa plastiki na uje nayo, inasaidia kujua darasa lako. Kama huna, njoo bila kitu. Kama una mdogo wako unayelala naye nje, njoo naye. Sema mapema kwamba hutaki mtenganishwe, ili mlezi atafutwe wa wote wawili. Kama ulimaliza msingi na unafikiri sekondari haiwezekani, ni kweli kwamba ada ni kikwazo kikubwa na nafasi za ufadhili ni chache, lakini ziko pia shule za ufundi, na majina huchukuliwa kwa wale waliojulikana na ofisi. Aliyejificha haandikwi.

Wahudumu wa afya wa kujitolea tunapita vijijini, na siku za kliniki tuko kituoni tangu asubuhi. Ukituambia habari ya mtoto tutakuja kumwona alipo, hata kama ni kwenye kibanda cha video, na hatutakuja na polisi wala na ndugu zake.